Kukarabati boksi la stelingi linalovuja, ukiwa nyumbani kwako

Alama nyekundu ya oili chini ya gari, ukubwa wa sarafu ya shilingi 500: bado una muda. Ikifika ukubwa wa sahani ya posho, muda umekwenda. Mimi nilisubiri mpaka sahani.

Gari ni Land Cruiser 80 ya dizeli, injini 1HZ, makazi yake Tororo, Uganda, kazi yake kushusha kahawa kutoka miteremko ya Mlima Elgon. Ndani ya mwaka mmoja sili ya chini ya boksi la stelingi, yaani pete ya raba inayozuia oili isitoke, ilibadilishwa mara tatu: mara mbili na makanika, mara ya tatu na mimi mwenyewe nikijiona fundi. Kila sili mpya ilikaa wiki chache, halafu ikaanza kutoa machozi. Mara ya nne nililitoa boksi zima, nikalifungua juu ya meza, nikapitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukanasa. Kumbe muda wote tulikuwa tunazika maiti na kumwacha muuaji ndani ya nyumba.

Kwa hiyo humu sili ni sehemu ndogo ya habari. Nitaeleza kazi nzima kwa magari yenye boksi la gololi: Land Cruiser 70 na 80, Nissan Patrol za zamani, na malori madogo kama Canter na Elf. Magari madogo mengi, Premio na wenzake, hayana boksi bali yana raki, fimbo yenye meno inayosukumwa kushoto na kulia, na raki ni kazi nyingine kabisa.

Kilichomo ndani

Shafti inayotoka kwenye usukani huingia ndani ya boksi ikiwa na nyuzi kama za parafujo. Juu ya nyuzi hizo imepanda nati nene, na kati ya nati na nyuzi kuna gololi zinazozunguka kwa mstari, ndiyo maana usukani unakuwa laini. Nati hiyo ni pistoni pia. Oili ya pampu huisukuma upande mmoja au mwingine kadiri valvu iliyo kwenye shafti ya kuingilia inavyofunguka. Ubavuni mwa nati kuna meno, na meno hayo hushikana na meno ya shafti ya pili, iliyosimama wima, ambayo mimi huiita shafti ya sekta. Ncha yake ya chini hutokeza nje ya boksi na kubeba mkono wa pitimani, ule unaosukuma magurudumu.

Sasa fikiria mahali ilipo ncha hiyo: chini kabisa, karibu na gurudumu, ikipigwa na matope ya masika na vumbi la maramu kiangazi chote. Kinga yake ni mpira mwembamba wa kuzuia vumbi. Mpira huo ukipasuka, matope hukaa pale juu ya chuma kitupu, maji hukaa ndani ya matope, kutu huanza. Kutu huchimba vishimo kwenye shafti, na kila ukikata kona vishimo hivyo huipiga sili msasa. Wakati huohuo nyuma ya sili kuna oili yenye mgandamizo ambao ukikata usukani mpaka mwisho unaweza kupita baa 70. Mgandamizo wa namna hiyo hauhitaji mlango, hutosheka na ufa.

Kwanza hakikisha ni boksi linalovuja

Oili hushuka na upepo huisambaza. Nimeona mtu akinunua seti nzima ya sili, kumbe paipu ya pampu ndiyo iliyokuwa imelegea juu, oili inateremka juu ya boksi na kudondokea kwenye pitimani kama vile inatoka pale.

Osha eneo lote kwa mafuta ya taa na brashi, kuanzia kijungu cha oili, pampu, paipu zote mbili, hadi boksi. Kausha kabisa. Nyunyiza poda ya mtoto juu ya boksi na kwenye maungio ya paipu. Washa injini, mtu mwingine akate usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, mara kumi hivi. Asiushikilie mwishoni zaidi ya sekunde tano, maana hapo pampu inasukuma oili isiyo na pa kwenda, oili inapata moto na sili zinaumia. Wewe lala pembeni na tochi. Usilale chini ya gari linalowaka.

Poda italowa mahali palipo na kosa. Ikilowa kwenye ungio la paipu, badilisha washa za shaba na ushukuru Mungu. Ikilowa kwenye kifuniko cha juu, ni oringi (pete ya raba) ya kifuniko au ya skrubu ya kurekebishia. Ikilowa pale inapoingia shafti ya usukani, ni sili ya juu. Ikilowa juu ya pitimani tu, na kwingine kukavu, ni sili ya sekta, na hapo kuna kipimo kimoja zaidi. Gari likiwa chini na injini imezimwa, mtu autikise usukani kidogo kushoto na kulia huku wewe umeweka kidole pale shafti inapotokea kwenye boksi. Shafti izunguke tu. Ukihisi inasogea pembeni, hata kidogo, beringi yake imekwisha, na sili yoyote utakayoweka italiwa.

Neno moja kuhusu dawa za kuzuia uvujaji. Wapo wanaotia oili ya breki kwenye stelingi, na kweli kwa siku chache uvujaji unapungua, kwa sababu raba imevimba. Ikishavimba hulainika kama ubani uliotafunwa, na si sili ile tu, ni kila raba kuanzia pampu mpaka paipu. Gari lililofanyiwa hivyo lihesabie sili zote, za pampu pia.

Unachohitaji

Vitu vya kawaida vya karakana ya nyumbani: jeki, stendi mbili imara (matofali hayahesabiki), spana na soketi, koleo la saklipi (pete ya chuma inayozuia sili isitoke), nyundo ya plastiki, msasa laini wa namba 1000 na 2000, jerikeni la kumwagia oili. Vinavyokosekana mara nyingi ni vitatu: pula ya kuvuta mkono wa pitimani utoke, spana ya kupima nguvu ya kukaza, na spana ya paipu, ile inayoshika nati karibu pande zote sita. Ukitumia spana ya wazi ya kawaida kwenye nati ya paipu iliyokaa miaka 25 utaiviringa, utaharibu paipu, na siku yako itaishia dukani. Pula unaweza kuazima. Makanika wengi hukuazima ukiacha kitu cha thamani, mimi niliacha simu.

Seti ya sili inunue kwa namba ya boksi au namba ya chesisi, si kwa jina la gari peke yake, kwa kuwa gari hilohilo lilitoka na maboksi tofauti kwa miaka tofauti. Kampala wengi tunakwenda soko la vipuri la Kisekka, na huku mpakani vitu vingine hupatikana Busia na Malaba. Popote utakapokwenda, fungua pakiti kabla ya kulipa. Duka moja liliniuzia seti yenye muhuri mzuri sana juu, ndani raba ngumu inayotoa harufu ya sendo mpya. Raba nzuri ya sili ukiikunja hurudi, na mdomo wake una ncha kali inayong'aa bila mikwaruzo. Pete za tefloni ziwe nzima, zisiwe na alama za kukunjwa. Oili nunua lita 3 za ATF, oili nyekundu ya giaboksi otomatiki inayotumika pia kwenye stelingi, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kijungu. Kwa Toyota za umri huu ni Dexron II au III. Ndani ya mfumo huingia karibu lita moja, zilizobaki ni za kusafishia.

Kulitoa boksi

Nyoosha magurudumu yatazame mbele. Ondoa waya hasi wa betri. Pandisha mbele ya gari kwenye stendi, na magurudumu ya nyuma yazuie kwa mawe. Kisha funga usukani kwa mkanda wa kiti ili usizunguke. Kwenye gari lenye airbag hili si la hiari: nyuma ya usukani kuna utepe wa waya uliojikunja, na usukani ukizunguka ovyo boksi likiwa nje, utepe huo utakatika siku utakaporudisha kila kitu.

Nyonya oili ya kijungu. Chora alama kwa tindo au rangi kwenye krosi (kiungo) ya shafti ya usukani na kwenye shafti ya boksi, halafu kwenye mkono wa pitimani na ncha ya shafti ya sekta. Alama mbili hizi zitakuokolea nusu siku.

Nati ya pitimani ni kubwa na imekazwa kwelikweli, kwa Land Cruiser 80 ni Nm (newton-mita) 177. Ilegeze, lakini usiitoe. Iache ishike nyuzi mbili tatu, ili mkono ukiachia usikudondokee usoni. Weka pula, kaza, subiri, kaza tena, gonga ubavu wa mkono kidogo. Utaachia kwa mlio kama risasi, usishtuke. Usiipige ncha ya shafti kwa nyundo ya chuma hata ukikasirika. Kila pigo linapanda moja kwa moja hadi kwenye meno na gololi, na gololi zikishachimba mahali pake, usukani utakuwa na mikwamo midogo maisha yake yote.

Legeza paipu mbili, ziwekee jerikeni. Mara tu zikitoka, funika matundu yote, ya paipu na ya boksi, kwa kavera (mfuko wa plastiki) safi na mpira. Kifuko cha mkate kinafaa. Cha chumvi hakifai, na usiulize nimejuaje. Mwisho toa bolti za krosi na bolti zinazoshika boksi kwenye chesisi. Kabla ya ile ya mwisho, weka jeki ndogo au mtu mwenye mikono chini ya boksi, maana ni pande la chuma tupu.

Likishatoka, angalia chesisi pale bolti zilipokuwa. Kwenye magari yaliyozoea barabara mbaya pana tabia ya kupasuka. Ukiona ufa, huo ni ugonjwa mkubwa kuliko uvujaji.

Kufungua

Osha nje ya boksi mpaka uone rangi ya chuma. Hapa watu huharakisha, halafu mchanga wa nje unaingia ndani ambako ulikuwa haujafika miaka yote. Tandika shuka ya zamani iliyofuliwa juu ya meza. Simu iwe karibu, piga picha kila hatua.

Zungusha shafti ya kuingilia mpaka mwisho upande mmoja, kisha hesabu mizunguko hadi mwisho wa upande mwingine. Rudi nusu. Hapo ndipo katikati, na ni katikati tu ambapo shafti ya sekta inaweza kutoka bila meno yake kugonga ukuta. Legeza nati inayofunga skrubu ya kurekebishia juu ya kifuniko. Ondoa bolti nne za kifuniko. Sasa usikibandue kwa bisibisi. Zungusha ile skrubu kama unaikaza, itajisukuma dhidi ya shafti na kifuniko kitanyanyuka chenyewe, taratibu, bila mkwaruzo. Gonga ncha ya chini kwa nyundo ya plastiki, shafti ya sekta itapanda na kutoka.

Kama sili ya kuingilia haivuji na usukani haukuwa na kasoro, unaweza kuishia hapa, na mara nyingi mimi hushauri hivyo. Upande wa valvu una nati ya kukazia beringi ambayo kipimo chake ni kidogo mno na huhitaji kifaa chake maalumu. Lakini seti ina pete za pistoni, na kama oili ilikuwa nyeusi au iliwahi kutiwa ya breki, huna budi. Hivyo basi chora alama kwenye ile nati ya kukazia kabla hujaigusa, toa bolti nne za nyumba ya valvu, kisha ingiza kidole kupitia tundu la sekta na uizuie nati ya gololi isikimbie huku unavuta kila kitu nje kwa pamoja.

Isikimbie, narudia. Nati ikitoka mwishoni mwa nyuzi, gololi zote humwagika. Rafiki yangu mmoja alizikusanya kwenye vumbi la ua akisaidiwa na watoto, akazipata zote isipokuwa mbili, akanunua mbili za baiskeli zinazofanana. Hazifanani. Gololi za boksi huchaguliwa kiwandani kwa tofauti ambazo jicho halioni, na zile mbili zikabeba mzigo wa wenzake wote. Boksi lile leo ni uzito wa kushikia lango.

Ukucha

Futa shafti ya sekta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, nenda nayo juani. Pale mdomo wa sili ulipokuwa utaona mstari unaong'aa. Mstari wenyewe si tatizo. Funga macho, pitisha ukucha kutoka juu kwenda chini, polepole, sehemu nne kuizunguka shafti. Macho yanadanganywa na mng'ao, ukucha haudanganywi.

Ukipita bila kunasa, tumia msasa wa 2000 wenye ATF, ukizungusha kwa kuzunguka shafti, si kwa kupanda na kushuka. Mikwaruzo ya kupanda na kushuka ni mifereji ya oili.

Ukinasa kidogo, kama unapita juu ya unywele, anza na 1000 halafu 2000, na upime tena. Mara nyingi mstari mmoja wa kuchakaa unaweza kukwepwa kwa kuingiza sili mpya milimita moja juu au chini ya mahali pa zamani, ilimradi nafasi ipo na saklipi bado inaingia kwenye mfereji wake sawasawa.

Ukinasa na kusimama, au ukiona vishimo vyeusi vya kutu, msasa hautakusaidia. Utasugua mpaka shafti iwe nyembamba na vishimo bado vipo. Kuna bushi nyembamba za chuma zinazouzwa kwa ajili hii, unene wake chini ya milimita 0.3, zinavalishwa juu ya shafti na kuipa ngozi mpya. Ukipata saizi yako, vizuri. Usipopata, tafuta shafti nzima kwenye boksi lililokufa kwa sababu nyingine. Yangu ilikuwa ya aina hii, na shafti niliyoweka niliitoa kwenye boksi la gari lililopinduka. Kuhusu kujaza vishimo kwa welding kisha kuchonga upya: mafundi watakuambia inawezekana, na kweli itapendeza ikitoka. Ila moto wa welding unaua ugumu wa chuma, na hii ndiyo shafti inayoshikilia magurudumu yako kwenye kona za Kapchorwa. Mimi simo.

Angalia meno pia. Kung'aa sawa ni kawaida. Meno yaliyobanduka ngozi, kama rangi inayopukutika ukutani, yanamaanisha boksi limekwisha na fedha ya sili ni ya kutupa. Halafu rudisha shafti ndani ya beringi yake ikiwa kavu, itikise. Isichezecheze. Beringi za sindano za chini na juu hutoka kwa kusukumwa na kipande cha bomba, na kwenye boksi la umri huu, kama zinapatikana, zibadilishe hata kama zinaonekana nzuri.

Sili mpya kuingia

Upande wa chini toa vitu kwa mpangilio, vitandaze kwenye shuka kwa mstari: mpira wa vumbi, saklipi, washa ya chuma, sili, pete zake. Ukibandua sili ya zamani kwa bisibisi, funga ncha yake kwa tepu, kwa kuwa mkwaruzo kwenye ukuta wa boksi ni njia mpya ya oili kupita nje ya sili badala ya ndani.

Mdomo wenye springi ndogo hutazama ndani, kwenye oili. Pakaza ATF kila kitu. Sukuma sili kwa soketi yenye upana karibu sawa na wa sili, na ishuke sawa pande zote. Ikilala upande mmoja, itoe na uanze tena kabla haijapinda. Nafasi kati ya sili na mpira wa vumbi ijaze grisi. Kiwandani hawakuijaza hivi, lakini kiwandani hawakuwa na matope ya Bukwo.

Pete za tefloni ni ngumu kuliko raba na hazipendi kulazimishwa. Zitumbukize kwenye maji ya moto, kama ya chai, dakika chache, zitanyumbulika. Zivute kidogo tu uzivalishe juu ya oringi yake ndani ya mfereji, kisha zitakuwa zimelegea na kukaa nje. Kata ukanda wa plastiki kwenye chupa ya soda, uzungushe juu ya pete, ubane kwa vidole na uache ipoe huku imebanwa. Baada ya robo saa itakuwa imerudi saizi yake. Nenda kanunue rolex, chapati ya mayai, wakati huo, maana ukiingiza pistoni pete ikiwa bado imelegea, utaikata na hutajua mpaka usukani uwe mzito upande mmoja.

Sasa lile kosa lililosaidia kuua sili yangu ya tatu, niliyoweka kwa mkono wangu. Ncha ya chini ya shafti ya sekta ina meno madogo ya kushikia pitimani, makali kama kisu cha mkate. Shafti inaposhuka kutoka juu, meno hayo hupita katikati ya mdomo wa sili mpya. Funga meno yote na nyuzi kwa tepu laini au kavera iliyobanwa, pakaza ATF, ndipo ushushe huku ukizungusha kidogo. Ikitokeza chini, ondoa kavera.

Kufunga na kurekebisha

Rudisha nyumba ya valvu na oringi mpya, nati ya kukazia ikisimama kwenye alama yako ileile. Weka nati ya gololi katikati. Shusha shafti ya sekta ili jino lake la kati liingie bonde la kati. Ukikosea jino moja, gari litakata kona vizuri upande mmoja na kugoma upande wa pili.

Kifuniko kinavutwa chini kwa kuilegeza skrubu ya kurekebishia huku ukikishika, mpaka kikae. Kaza bolti zake kwa msalaba.

Skrubu hiyo huleta meno mawili karibu. Meno yametengenezwa yabane zaidi katikati, pale gari linapokwenda moja kwa moja, na yalegee pembeni. Kwa hiyo kipimo chote hufanywa katikati, hakuna pengine. Zungusha shafti ya kuingilia kwa mkono ukipita katikati huku na huko, kaza skrubu robo kwa robo, mpaka uhisi kauzito kadogo kanakokuja na kuondoka unapopita. Kama una mizani ndogo ya kuning'iniza, funga kijiti cha sentimita 10 kwenye shafti na uivute kwa mizani: katikati isome zaidi kidogo ya pembeni, basi. Kisha shika skrubu kwa bisibisi isizunguke, kaza nati yake, pima tena, kwa sababu karibu kila mara husogea.

Wenye magari yanayoyumba barabarani hupenda kukaza skrubu hii mpaka usukani utulie. Utatulia, ndiyo. Halafu ukikata kona hautarudi wenyewe, na siku moja kwenye kona ya mteremko utaurudisha kwa nguvu na kwa kuchelewa. Kama gari linayumba, kagua kwanza tairodi na draglinki, fimbo zinazounganisha pitimani na magurudumu.

Kurudisha garini na kutoa hewa

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, nami sitakuchosha. Alama zako zikutane, washa za shaba ziwe mpya, nati ya pitimani ikazwe kwa spana ya kipimo na washa yake ya springi isisahaulike. Bolti za chesisi kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari lako.

Kabla ya kuunganisha paipu ya kurudisha oili, iingize kwenye chupa, ziba tundu la kijungu, mimina ATF mpya, na mwenzako akate usukani pole pole injini ikiwa imezimwa na magurudumu yako juu. Oili ya zamani itatoka nyeusi, kisha kahawia, kisha nyekundu. Ikiwa nyekundu, unganisha.

Jaza. Injini bado imezimwa. Kata kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, mara 20, ukiongeza oili inaposhuka. Ukiruka hatua hii na kuwasha moja kwa moja, pampu itaipiga hewa na oili mpaka iwe povu la rangi ya chai ya maziwa, na utasubiri saa nzima litulie. Baada ya hapo washa, iache iwake kwa mwendo wa chini bila kukanyaga mafuta, kata mara tatu nne bila kushikilia mwishoni. Mlio wa kukoroma maana yake hewa bado ipo. Ili kuhakikisha, tazama kimo cha oili injini ikiwaka, zima, tazama tena: kikipanda zaidi ya milimita 5, endelea.

Shusha gari. Autikise mtu usukani huku unapima mchezo wake kwenye ukingo. Kwa magari haya milimita 30 hadi 40 ni mwisho, na ukiwa chini ya hapo usiguse tena skrubu. Tembea taratibu mahali pasipo na watu, kata kona zote mbili, hakikisha usukani unarudi wenyewe. Baada ya siku mbili tatu za kazi, rudia kukaza bolti za chesisi na kuikagua nati ya pitimani.

Usiku tandika kadibodi safi chini ya boksi. Mimi niliiacha wiki mbili, kila asubuhi naiinua kama mtu anayekagua mtego. Asubuhi ya tisa nikakuta tone. Nikapiga magoti, nikaligusa, nikalinusa. Lilikuwa jeusi, sentimita 40 nyuma ya boksi, oili ya injini kutoka kwenye gasketi ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Boksi lenyewe lilikuwa kavu kiasi kwamba poda ya mtoto niliyonyunyiza bado ilikuwa nyeupe.